Nani Yuko Macho Saa Nane Usiku? Maswali Yenu Kuhusu Nyumba za Kulelea Wazee na Wenye Ulemavu

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka jimbo la Washington, Marekani, na sishangai. Kuanzia Everett mpaka Tacoma, Waswahili wengi tunaishi kwa kazi ya kulea wazee wa watu, na sasa tumefika umri ambao wazee wenyewe ni wa kwetu. Mimi nimekesha katika nyumba za uuguzi, nikahamia nyumba za kusaidiwa, na siku hizi nafanya zamu ya usiku katika nyumba ndogo ya watu sita. Ninayosema kuhusu leseni ni ya Washington. Aliye jimbo jingine aulize upya kwake.

Shangazi, shikamoo. Baba mkwe wangu ana miaka 79, ni raia, aliendesha teksi Seattle mpaka akastaafu. Wiki iliyopita amepata kiharusi. Upande wa kulia umelegea na kumeza kunamsumbua. Hospitali wanasema siku yoyote anatoka, wametupa orodha ya nyumba: za uuguzi, za kusaidiwa, na nyingine ni nyumba za kawaida mitaani. Mume wangu anasema zote ni zile zile, tuchukue iliyo karibu. Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, si italipa?
*Mkamwana, Kent*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguliwa. Mwambie mumeo si zile zile, na iliyo karibu huenda ndiyo isiyomfaa baba yake.

Kabla ya nyumba, kuna jambo la kuuliza hospitali leo hii: mzee amelazwa rasmi, au yupo chini ya uangalizi tu? Kitanda ni kile kile, dripu ni ile ile, nesi ni yule yule, lakini mbele ya Medicare hizo ni mbingu na ardhi. Medicare ya kawaida hulipia nyumba ya uuguzi pale tu mgonjwa alipolazwa rasmi siku 3 mfululizo. Siku za uangalizi hazihesabiwi, na familia nyingi hulijua hilo bili ikishaingia kwenye sanduku la barua. Kama mzee alijiunga na mpango wa kampuni binafsi, kampuni inaweza isidai siku hizo 3, ila itadai kibali chake kabla hajahamishwa.

Akitimiza sharti, siku 20 za kwanza hatoi kitu. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 anachangia kila siku, na kwa mwaka 2025 mchango huo ulikuwa dola 209.50. Baada ya hapo Medicare imemaliza. Hizo siku 100 nazo msizihesabu kama mali yenu. Hutolewa kwa kadiri anavyohitaji mazoezi ya viungo au uuguzi wa kitaalamu. Mkiletewa barua kwamba malipo yanakoma keshokutwa, rufaa ikatwe haraka, namba ya kupiga na muda wa mwisho vimeandikwa humo humo. Na mkiambiwa “hapati nafuu tena”, hiyo peke yake si sababu. Tangu suluhu ya kesi ya Jimmo kuhusu Medicare mwaka 2013, kinachoangaliwa ni kama anahitaji mtaalamu, hata kama kazi ya mtaalamu huyo ni kumzuia asizidi kudhoofika.

Lakini kuishi huko miaka, kuogeshwa, kulishwa, kubadilishwa nepi, Medicare hailipii, nyumba iwe ya aina gani.

Sasa orodha yenu. Nyumba ya uuguzi ndiyo iliyo karibu zaidi na hospitali: manesi saa 24, mtaalamu wa kumeza, watu wa mazoezi, winchi ya kumnyanyulia mgonjwa. Kwa kiharusi ambacho bado ni kibichi, tena chenye shida ya kumeza, mzee aanzie hapo, sina shaka. Washington inazitaka nyumba hizo zitoe wastani wa saa 3.4 za huduma kwa kila mkazi kwa siku. Zinasikika nyingi. Zigawe kwa zamu tatu, kumbuka humo mna dawa, kuogesha na kulisha, utajua kwa nini usiku kengele inalia na viatu havisikiki.

Nyumba za kusaidiwa ni zile zenye piano ukumbini na maua mezani. Kisheria ni za wakazi 7 kwenda juu. Mzee ana chumba chake chenye kitasa, anakula na wenzake, kuna wa kumkumbusha dawa. Zinamfaa anayejitembeza. Bei huanza kama kodi ya nyumba, halafu kila msaada mara nyingi una pointi zake za kulipiwa: kuvalishwa, kuogeshwa, hata kusindikizwa mezani. Mzee akidhoofika kidogo tu, bili hamtaitambua tena. Nyingine zina upande wenye milango ya namba, isiyofunguka bila namba ya siri, kwa ajili ya wenye maradhi ya kusahau.

Zile za mitaani, ambazo vijana wetu wanaziita AFH (Adult Family Home), huwezi kuzijua kwa nje. Utaona tu ngazi imewekewa mteremko wa kiti cha magurudumu. Leseni ni ya watu wasiozidi 6, na baadhi hupata kibali cha kufika 8. Wenye nyumba wengi ni wahamiaji, na mara nyingi wanalala humo humo. Mimi ndizo ninazozipenda, nakiri upendeleo wangu. Supu inapikwa jikoni mzee akiisikia harufu, na mhudumu anajua kwamba huyu hanywi dawa mpaka apewe kijiko cha asali. Nesi mwenye leseni anaweza kumfundisha mhudumu kazi fulani na kumkabidhi, hata sindano ya insulini, kisha akawa anarudi kumkagua.

Kasoro yake ni usiku. Katika nyingi, mhudumu anaruhusiwa kulala, isipokuwa mahitaji ya wakazi yanadai mtu akeshe. Baba mkwe wako upande mmoja hauna nguvu; asipogeuzwa usiku kila saa mbili hivi, atatoka vidonda vya kulala, na kidonda cha makalio kwa mzee kinaweza kumuua kabla kiharusi hakijamuua. Kwa hiyo, uuguzi ukiisha na mkaanza kuzunguka nyumba za mitaani, anzeni na swali hili: saa nane usiku, nani yuko macho humu ndani? Mwenye nyumba aliyejipanga atakutajia jina. Mwingine ataanza kukuonyesha bustani.

Nendeni mara mbili, mara ya pili bila kupiga simu, Jumapili jioni. Tazameni kucha za wakazi na midomo yao kama imekauka. Harufu ya mkojo ya dakika ile si neno, watu wanabadilishwa. Ile iliyoganda kwenye zulia ndiyo ya kuikimbia. Angalieni glasi ya maji ya mkazi iko wapi. Baba mkwe wako atawekewa kushoto, na wanaomjua watafanya hivyo bila kuambiwa. Ripoti za ukaguzi wa jimbo zimewekwa wazi mtandaoni, na kwa nyumba za uuguzi tovuti ya Medicare inatoa hadi nyota 5. Nyota hizo mimi huzisoma kama tangazo la biashara. Ripoti yenyewe ndiyo yenye maneno.

Fedha za kuishi huko miaka hutoka mfukoni, na mfuko ukikauka, kwa Medicaid, bima ya serikali ya wasio na uwezo. Kwa mtu asiye na mwenzi, akiba isizidi dola 2,000, na nyumba ya kuishi ina kanuni zake. Wataangalia miaka 5 nyuma kama kuna alichogawa. Kama mzee aliwahi kutuma dola nyingi Moshi kumjengea dada yake, semeni mapema kwa mwanasheria wa mambo ya wazee, zisije zikagunduliwa kwenye karatasi za benki. Na kabla ya kusaini mkataba wowote, waulizeni: akiba yake ikiisha, mtabaki naye kwa Medicaid? Jibu liwe la maandishi.

La mwisho kwako. Mkiomba Medicaid, jimbo litatuma mtu na kompyuta yake kupima mzee anahitaji msaada kiasi gani, na kipimo hicho ndicho kinachoamua saa na malipo. Wazee wetu wana haya. Akimwona mgeni, mzee atajikaza, atasema anaoga mwenyewe na choo hakimpi shida. Muwepo. Semeni habari za usiku wake mbaya kuliko wote, msiseme za ile siku alipokuwa na nguvu.

Nesi, habari za kazi. Mama yangu yuko Tanga, ana miaka 76, ameanza kusahau, juzi amepotea akitoka sokoni Mgandini. Mimi ni raia wa huku, nimeamua kumwombea kadi ya kijani aje Everett. Mchana atakaa kwenye nyumba ya wazee, jioni namchukua. Nianzie wapi?
*Mtoto wa mwisho*

Anzia kwa kutomleta, mdogo wangu. Najua nakuvunja moyo.

Nyumba hizi si za kumwacha asubuhi na kumchukua jioni. Kuna vituo vya mchana, ambavyo ni vitu vingine, na ni vichache. Kubwa zaidi ni malipo. Mwenye kadi ya kijani kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya Medicaid kamili kumfungulia mlango. Medicare nayo, kwa mtu asiyefanya kazi nchini humu, inataka ukazi wa miaka 5 na kisha ainunue kila mwezi. Jimbo lina nafasi chache za fedha zake kwa wasio raia, zina ukomo, usizijengee mipango. Wewe utakuwa umesaini hati ya kumdhamini. Upande wenye milango ya namba niliousema hapo juu, katika eneo la Seattle, dola 8,000 kwa mwezi si bei ya kushangaa.

Nusu ya robo ya fedha hizo, hapo hapo Tanga, inaweka wasichana wawili wa kupokezana, mchana mmoja na usiku mmoja, na kumlipa mganga wa zahanati aje kumpima presha. Mwenye kusahau hushikwa na mahali. Huyo aliyepotea akitoka Mgandini, majirani walimrudisha, sivyo? Everett akitoka mlangoni mwezi wa kwanza na kanga moja, atakutana na baridi na barabara asiyoijua jina.

Fedha ya nauli tengenezea geti na choo cha ndani, mshonee jina na namba ya simu kwenye nguo zake. Nenda ukae naye likizo yote, na ukiwa huko umuulize mkubwa wenu nani ana kauli ya mwisho siku mama atakapougua, maana kikao hicho huwa kinafanyika kwenye simu watu wakigombana.

Mama, salamu nyingi. Sisi ni Wakongomani, tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa ni raia. Kaka yangu ana miaka 34, ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Miguu haina nguvu, kuongea ni shida lakini akili yake ni nzima kabisa. Mama mzazi alimbeba maisha yote, akafariki. Nimebaki mimi, nina mimba ya miezi sita na mgongo umeanza kukataa. Wazee wa kanisa wanasema kumpeleka nyumba ni kumtupa. Je, kuna nyumba za watu kama yeye, au ni za wazee tu?
*Dada mtu, Tukwila*

Pole na msiba, mwanangu. Katika barua yako kuna sauti ya kanisa, kuna ya mgongo wako, kuna ya marehemu mama. Ya kaka sijaisikia. Umeniambia akili yake ni nzima, basi muulize yeye kwanza, mkiwa wawili, na umpe muda wa kumaliza sentensi.

Nyumba zipo. AFH hupokea pia watu wazima wenye ulemavu, ingawa kijana wa 34 akiwekwa meza moja na mabibi watano wa miaka 90 atazeeka kabla ya wakati. Inayowafaa wengi wa rika lake ni makazi ya kusaidiwa kuishi: anapanga nyumba au fleti kwa jina lake, peke yake au na wenzake wachache, na wahudumu wa wakala huja kwake kwa saa alizopangiwa, hata mchana na usiku. Wahudumu wanalipwa na Medicaid, kodi na chakula analipa yeye. Hapo ndipo inapoingia SSI, posho ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu wasio na uwezo, ambayo kwa 2025 ilikuwa hadi dola 967 kwa mwezi. Haitoshi kodi ya huku, ndiyo maana wanaishi wawili watatu na kuomba ruzuku ya nyumba.

Yapo pia majengo makubwa ya jimbo, kama Fircrest pale Shoreline na Lakeland Village upande wa Spokane. Kwa hali ya kaka yako nisingeanzia huko. Mwaka 1999, katika kesi ya Olmstead, wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, walishinda kesi katika Mahakama Kuu ya Marekani. Madaktari walikuwa wamekubali kwamba wanaweza kuishi mtaani, lakini bado walikuwa wanashikiliwa hospitali. Mahakama ikasema kumfungia mtu taasisini bila sababu ni ubaguzi. Kaka yako akiambiwa hana pengine pa kwenda, kesi hiyo itajwe kwa jina.

Kitu cha kufanya wiki hii ni kumwandikisha katika kitengo cha jimbo cha ulemavu wa maendeleo. Watataka ushahidi kwamba hali hii ilianza kabla ya miaka 18, na najua makaratasi ya kambini yalivyo, kwa hiyo mwombeni daktari wa hapa aandike. Kustahili hakumaanishi kupata nafasi, foleni ipo. Wakati mnasubiri, Medicaid ya Washington inaweza kukulipa wewe mwenyewe kwa saa unazomhudumia, dada anaruhusiwa. Na kabla mimba haijafika miezi saba omba winchi ya kumnyanyulia. Usimbebe tena, hata mara moja “ya dharura”. Nimewaona wenzangu walioumia mgongo na kuacha kazi hii kwa kumnyanyua mtu mara moja tu kwenye kiti cha choo.

Wazee wa kanisa wape salamu. Kisha waulize nani kati yao atakuja Jumanne na Alhamisi kumwogesha.

Dada, mimi ni mgeni wa kazi hii, nimemaliza yale mafunzo ya saa 75 juzi tu. Ninapofanya kuna bibi anapewa dawa ya usingizi saa moja jioni ili asisumbue mpaka asubuhi. Nimeona pia alama za bluu kwenye mkono wake. Bosi ni mtu wa kwetu, ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, na ninalala kwake. Nikisema, nitalala wapi?
*Mgeni, Pierce*

Kupiga simu hukuombwi, umelazimishwa na sheria. Mhudumu wa Washington akiwa na sababu ya kuamini mtu asiyejiweza anadhulumiwa, lazima atoe taarifa mara moja kwa jimbo, na kama anashuku kapigwa, polisi pia. Namba imebandikwa ukutani humo ndani, tafuta karibu na jiko.

Wewe si hakimu. Mzee anayetumia dawa ya kuyeyusha damu hufanya alama za bluu hata ukimshika kwa upole. Dawa ya saa moja huenda daktari kaiandika hivyo. Fungua karatasi ya dawa uone. Lakini dawa inayotolewa ili wafanyakazi wapumzike ni sawa na kumfunga kamba. Andika kwenye daftari lako tarehe, saa, dawa gani, mkono upi, alama ukubwa gani. Usimpige picha kwa simu yako, hiyo nayo ni faragha yake na itakugeukia. Wakaguzi watakuja bila hodi na kuamua wao.

Jina lako linalindwa, na kukulipizia kisasi ni kosa. Hata hivyo nyumba yenye wahudumu wawili, bosi atahesabu hadi mbili. Kwa hiyo leo piga simu, na leo hiyo hiyo tafuta kitanda kwa mtu asiye ndugu wa bosi. Cheti chako ni chako, kazi zipo, wanatafuta watu kila wiki. Yupo pia mtetezi wa wakazi, ambaye sheria imelazimisha kila jimbo kuwa naye tangu 1978. Kazi yake ni kusimama na bibi, na bibi mwenyewe au ndugu zake wanaweza kumwita bure.

Bi mkubwa, asalaam aleykum. Mama yetu anaingia nyumba ya uuguzi Jumatatu. Hali nguruwe, hajui Kiingereza, hataki kuogeshwa na mwanamume. Watatusikiliza?
*Watoto wake, SeaTac*

Waaleykum salaam. Watawasikiliza likiandikwa, maana mkizungumza na nesi wa Jumatatu, wa Jumatano hatajua. Ombeni kikao cha mpango wa huduma wiki ya kwanza, na hayo matatu yaingie kwenye faili kwa maneno yenu: chakula, mhudumu wa kike kwa kuoga na choo, na saa za sala ili asipelekwe mazoezini wakati huo. Kuhusu nguruwe tajeni na jeli, maana gelatini huwamo na jikoni hawaifikirii.

Nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid inatakiwa kumwekea mkalimani bure, kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mtumieni huyo siku ya daktari. Humo ndani hamtakosa binti wa Kimombasa au wa Kisomali anayejua Kiswahili, na mama atamganda. Mwacheni aongee naye habari za watoto na mapishi, ila habari za dozi na upasuaji zipitie kwa mkalimani mwenyewe, kwa simu ikibidi. Na mfundisheni mama neno moja la Kiingereza kabla ya Jumatatu, “pain”, na aonyeshe kwa kidole panapouma.